Aliyeitia Rangi Nchi ya Kanaani

Ukitaka Laurentia wa Mzenga akunyime hata maji ya kunywa, mwambie kwamba ni mcheshi. Zamani alikuwa mcheshi kweli. Alikuwa na mdomo, na wapo waliokawia makusudi baada ya misa ili wamsikie akitaniana na mtani wake Hilario barazani. Siku hizi ukimtania anakutazama tu, halafu anaendelea kuchambua mboga zake. Wasiojua wanasema ni uzee umemwingia mapema. Hata hamsini hajafika. Si uzee.

Mambo yalianza mwaka uliofuata uhuru. Laurentia alikuwa bado kijana, mumewe kaenda Dar es Salaam kutafuta kibarua bandarini na huko huko akapata mke mwingine, asirudi hata kuchukua shati lake. Shule hakusoma. Baba yake alikuwa Mkristo wa jina, lakini aliona shule ni mahali pa kumpeleka mtoto asiyeweza kushika jembe. Kazi aliyoijua ni ya mama yake, Biubwa, Mwislamu na msusi wa mikeka ya rangi. Kwa Biubwa alijifunza kuchemsha mizizi ya mdaa mpaka itoe weusi, kuponda manjano, na kuloweka mbegu za mzingefuri zinazotoa wekundu wa kupendeza. Buluu waliipata kwa nili ya kufulia, ile inayouzwa kwa Mhindi ikiwa imefungwa katika kitambaa.

Mkeka mmoja wa Laurentia ulifika misheni, ukatandikwa chumbani kwa Padre Gregori. Padre akautazama kwa muda mrefu, kisha akauliza nani aliyezipika rangi hizo. Laurentia alipoitwa alidhani mkeka umechuja na kuharibu kanzu ya mtu. Alikwenda akiwa na maneno ya kujitetea tayari mdomoni.

Badala yake alionyeshwa ramani. Ilikuwa ya zamani sana, ya tangu babu za babu zetu, na padre alikuja nayo meli moja kutoka Ulaya. Ilionyesha nchi ya Kanaani, yaani nchi walimotembea Ibrahimu na Yakobo, na baadaye Bwana wetu mwenyewe. Mistari yake ilipigwa chapa kwa bamba la shaba, lakini rangi zilitiwa kwa mkono. Kila kabila la Israeli lilikuwa na rangi yake, kali pale mpakani, ikififia kidogo kidogo kuelekea katikati, kama moshi unavyoisha angani. Mchwa walikuwa wamekwisha kula kipande cha Misri.

"Itakwisha yote," Padre alisema. "Nataka tuinakili kabla haijaisha, nakala moja kwa kila kigango. Hilario atachora mistari. Rangi sina mtu."

Hilario alikuwa katekista, Mnyamwezi kutoka Tabora, mwenye mwandiko mzuri. Alibandika karatasi juu ya ramani kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita, naye akafuatisha mistari kwa wino mweusi. Ilipofika zamu ya rangi wote walikwama. Karatasi iliinywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji, na kabila la Yuda likavuja mpaka baharini. Laurentia aliharibu karatasi nyingi. Mwisho akakumbuka kwamba ukili wa mikeka nao haushiki rangi bila kutiwa shabu, yale mawe meupe ya kukolezea rangi. Akapika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, akautia shabu iliyopondwa, akaupaka kwenye karatasi na kuianika. Ilipokauka aliilowesha kidogo kwa maji matupu, kisha akagusisha rangi mpakani tu kwa brashi ya nywele za mbuzi. Rangi ikatembea yenyewe kwenda ndani na kufifia. Padre alivua miwani, akaivaa tena, akainama kuitazama kwa karibu.

Hapo ndipo urafiki wa Laurentia na Hilario ulipoanza, kama urafiki ndilo neno lake. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wanaambiana maneno ambayo akisema mwingine watu watashikana mashati. Chumba kile cha ramani kilikuwa kelele tupu.

"Mzaramo, bahari umeitia nyekundu. Umemwagia mchuzi?"

"Hiyo ni Bahari ya Shamu. Kwenye ya Padre ni nyekundu, nami nafuata. Wewe mla michembe ya viazi bahari uliiona wapi? Kwenye kata ya maji?"

"Niliiona nilipobeba mizigo ya babu yako. Alikuwa mvivu, akalala njiani."

"Babu yangu hakulala, alikuwa anakusubiri ufike. Mnyamwezi na kasi wapi na wapi."

Basi Hilario hucheka mpaka wino unatetemeka, kisha husema, "Haya, tuache utani," na kazi inaendelea. Huo ndio ulikuwa mpaka. Aliyeanza utani ndiye huufunga. Na katika utani hukanushi unachoambiwa. Ukiambiwa babu yako mvivu, husemi babu yangu hakuwa mvivu kwa uso wa kununa. Unakipokea unachotupiwa na kukirudisha kikiwa kikubwa zaidi. Anayekanusha kwa hasira ameshindwa, na watu watamcheka mpaka azikwe.

Siku moja Laurentia alimuuliza Padre ni nani walioitia rangi ramani ile ya zamani. Padre akamwambia kwamba huko kwao walikuwa wanawake na wasichana, wakikaa kuzunguka meza. Mmoja ana nyekundu, wa pili kijani, wa tatu njano, na karatasi inapita kutoka mkono hadi mkono.

"Majina yao?"

"Hayajulikani. Hili hapa pembeni ni jina la bwana aliyechonga bamba."

"Hata mmoja wao?"

"Hata mmoja."

Laurentia aliwaonea huruma wanawake wale kama mtu anavyomwonea huruma jirani. Hakujihesabu miongoni mwao. Yeye alikuwa anajulikana.

Ramani zilikwenda kwenye vigango vyote, mpaka Ruvu na Kwala, na Walutheri nao wakaomba za kwao. Miaka ikapita hivyo. Kisha likaja Azimio la Arusha, watu wazima wakaanza kusakwa waingie madarasani, na pale Kibaha ikafunguliwa karakana ya kutengeneza picha na ramani za kufundishia. Mkuu wake alikuwa Bi Marselina, mama wa Kihaya aliyesoma sana. Mtu fulani alimwonyesha ramani ya Mzenga, akatuma habari kwamba anakuja.

Padre wakati huo alikuwa mgonjwa, anapelekwa Dar es Salaam kutibiwa. Kabla hajapanda gari alimwita Laurentia. "Wanamtafuta fundi wa rangi," akamwambia. "Mistari wanao watu wa kuchora. Watauliza nani anatia rangi, nawe utasema ni wewe. Watakuchukua."

Laurentia hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alijiona Kibaha, amekaa kwenye meza yake, watu wakiingia na kuuliza yuko wapi fundi, na yeye akiinua mkono wenye madoa. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwanamke wa Mzenga asiyejua kusoma ni fundi wa nini. Hilo tu ndilo alilolitaka, kwamba aulizwe, ajibu, na jibu liwe lake.

Bi Marselina alifika na wanaume wawili. Ramani zilikuwa zimetandazwa mezani, Hilario amevaa shati jeupe, Laurentia anajifuta mikono kwenye kanga.

"Nani fundi wa rangi hapa?" mgeni akauliza.

Laurentia alifungua mdomo, lakini Hilario aliwahi. "Fundi umemkuta, mama. Huyu Mzaramo kazi yake kunionjea tu rangi kama imekolea chumvi."

Watu waliokuwa mlangoni wakacheka. Laurentia alicheka kuliko wote, maana ulikuwa utani mzuri, na mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya. "Ni kweli kabisa, mama," akasema. "Mimi mwonjaji. Fundi ni yeye. Kwao Tabora hata mbuzi huzaliwa mafundi."

Wakacheka tena. Laurentia akamgeukia Hilario, akasubiri aseme tuache utani, kama alivyosema kila siku tangu walipojuana. Hilario aliinamia meza, akaanza kumweleza mgeni jinsi ya kupaka uji wa muhogo.

Alimweleza vizuri. Hakusahau hata shabu.

Bi Marselina hakuwa mtu wa utani wetu. Kwao Bukoba Mzaramo na Mnyamwezi ni watu tu. Aliuliza swali, akajibiwa na wawili, na majibu yalikubaliana. Laurentia alisimama pale akiwa na tabasamu lililoganda. Kusema "Si kweli, ni mimi" mbele ya watu, baada ya kucheka, ilikuwa kama kuvua nguo. Alijiambia kwamba Hilario atasema nje, penye gari. Gari likaondoka.

"Mtani," Hilario akamwambia jioni ile, "wamenitaka mimi. Lakini mimi natangulia tu. Nikikaa vizuri nitakuita."

Naye akamwamini. Alimpikia rangi, akazitia kwenye chupa na kuzifunga vifuniko kwa kamba za ukili. Hilario aliondoka nazo, na ramani ya Padre pia, akisema kwamba Bi Marselina anataka kuiona. Padre alirudi kutoka hospitali akiwa hajiwezi, akasafirishwa kwao, na huko akafa.

Mvua zilinyesha, zikaisha, hakuna aliyeitwa. Laurentia akaomba lifti kwenye lori la korosho, akashuka njia panda na kutembea hadi Kibaha. Aliikuta karakana. Ndani walikuwamo wasichana wamekaa kuzunguka meza, kila mmoja na rangi yake, karatasi ikipita mkono hadi mkono. Hilario alikuwa amesimama nyuma yao, kalamu mfukoni.

"Mnamwona huyu?" akawaambia kabla Laurentia hajasalimu. "Mtani wangu kutoka Mzenga. Kaja kuonja."

Wasichana wakacheka. Bi Marselina akatoka ofisini kwake. "Aah, si yule mwonjaji?" akasema, na alisema kwa upendo kabisa. "Karibu, mama."

"Asante, mama. Naomba tuache utani," Laurentia akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Rangi zile za Mzenga nilikuwa natia mimi. Na huo uji ni wangu."

"Umesikia?" Hilario akadakia. "Anataka kunirithi nikiwa hai. Mzaramo bwana, hata maiti hasubiri ipoe."

Kicheko kikapanda. Laurentia alitikisa kichwa, akarudia maneno yale yale, na kadiri alivyozidi kukunja uso ndivyo walivyozidi kucheka, maana mtani anayenuna ndiye anayechekesha zaidi. Bi Marselina alimshika bega. "Mama, uliniambia mwenyewe kwa kinywa chako. Fundi ni yeye, ulisema. Wapeni watani hawa chai."

Laurentia hakuinywa chai. Hilario alimfuata hadi nje, na huko nje hakuwa anacheka.

"Wanataka mtu anayejua kusoma," akasema. "Hata ningekutaja wasingekuchukua. Ungenipotezea na mimi."

"Kwa hiyo siku ile hukuwa unatania."

"Nilianza natania."

"Ukaacha saa ngapi?"

Hilario alitazama barabara kama anayesubiri basi. "Usiyafanye mambo kuwa makubwa, mtani," akasema, kisha akarudi ndani.

Aliporudi Mzenga, Laurentia aliwaeleza watu. Rafiki yake Yosefina, mpishi wa misheni, aliyemwona kila siku akitoka mle chumbani na vidole vya manjano, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini Laurentia, ule ulikuwa utani. Nilikuwapo mlangoni. Na wewe ulimjibu vizuri." Wengine wakamwomba awasimulie tena lile la mbuzi wa Tabora. Alipogundua kwamba kisa chake kinaombwa kama hadithi ya kuchekesha, akaacha kukisimulia.

Wakati wa kuhamia vijijini nyumba yake ilibomolewa na wote wakapelekwa kijiji kipya, nacho kikabaki na jina la Mzenga. Mizingefuri ya mama yake ikabaki porini. Alilima shamba la ujamaa pamoja na wenzake. Jioni alikwenda kwenye darasa la watu wazima, si kwa hiari. Siku moja mwalimu alitundika ramani kutoka Kibaha, ya Tanzania na mikoa yake. Rangi zilikuwa kali mipakani, zikififia ndani.

"Mtindo huu ni wangu," Laurentia akasema.

"Wako ni mkoa upi?" mwalimu akauliza, na darasa zima likaangua kicheko. Hakurudi tena darasani, ndiyo maana mpaka leo anajua herufi chache tu.

Hilario alikufa ghafla, akiwa amestaafu na kujenga Kwala. Habari ilifika Mzenga kwa njia ya desturi, kwamba Wazaramo mtani wenu amekufa, njooni mfanye kazi yenu. Kwa desturi watani ndio huosha maiti, hupika, huchimba kaburi, na hufika mbele ya jeneza kumsema marehemu kwa maneno yoyote yale wapendayo. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mwishoni wafiwa huwapa ada, kuku au chochote kilichopo kwenye sahani, na mtani akishaipokea, yote aliyosema yamefutika.

Walikwenda wanawake kadhaa, Yosefina akiwamo. Laurentia hakuitwa, alikwenda mwenyewe. Wengine walilala njiani kuzuia jeneza, wengine wakavaa kofia ya marehemu na kuiga alivyokuwa akitembea. Mjane wake, Kristina, alitabasamu huku machozi yanamtoka, kama inavyotakiwa. Kisha Laurentia akasimama kichwani pa jeneza.

"Huyu aliyelala humu ni mwizi," akasema. Watu wakashangilia. "Aliiba kazi yangu. Kila ramani mliyosomea, mpaka wa kila kabila la Israeli, niliutia mimi kwa mkono huu. Yeye hakuwahi kushika brashi. Alisema yeye ni fundi, na kule Kibaha akakaa kwenye kiti changu mpaka akazeeka nacho."

"Mwambie!" mmoja akapiga kelele. "Na kiti ataondoka nacho."

Walicheka sana. Walicheka mpaka wengine wakajifuta macho. Bernard, mkubwa wa ukoo wa Hilario, alikuja na sahani yenye ada, anatikisa kichwa kwa furaha. Alisema tangu msiba uanze hajasikia utani mtamu namna ile.

Laurentia akaisukuma sahani.

"Haitoshi?" Bernard akauliza, bado anacheka.

"Inatosha. Siipokei."

"Mtani, ada haikataliwi. Ukikataa tutafanyaje?"

"Usiniite mtani. Mimi na huyu hatuna utani tena. Niliyosema ni maneno yangu, wala hayafutiki kwa kuku."

Kicheko kilikatika, kwanza mbele, kisha nyuma kwa wale waliokuwa hawasikii vizuri. Bernard akashusha sahani. "Kama si utani, mama, basi umemtukana maiti mbele ya watoto wake."

"Sikumtukana. Nimesema alichonifanyia."

Kristina aliinua uso. "Laurentia, leo? Katika siku zote, leo?"

"Siku nyingine zote mlicheka, dada."

Wanaume wa ukoo walibeba jeneza wenyewe, na hakuna Mzaramo aliyethubutu tena kulala njiani. Walizika bila utani hata mmoja. Wakati wa chakula sahani zilimpita. Njiani kurudi Yosefina alikaa upande wa pili wa lori, amempa mgongo, lakini walipokaribia Mzenga alisema bila kugeuka, "Manjano yalikuwa hayatoki kwenye vidole vyako. Nakumbuka."

Mwaka uliofuata Biubwa alifariki, akazikwa kwa dini yake. Habari zilipelekwa kwa Wanyamwezi wa Kwala na Ruvu kama ilivyo desturi. Walikuja wachache. Hawakuingia jikoni, hawakushika jembe, hawakumwiga marehemu wala kudai kitu. Walikaa upande wa wageni wakiwa wamevua kofia. Ndugu wa Laurentia walimtazama kwa macho makali, maana msiba mkubwa kama ule ulipita kimya kama wa mtu asiye na watu, na kila mmoja alijua kwa sababu ya nani. Kuni alizipasua mwenyewe, na wali akaupika mwenyewe.

Walipokuwa wanaondoka, Bernard alimwendea, akamshika mkono kwa mikono miwili kwa heshima yote, kama mtu anavyomshika mgeni.

"Pole sana kwa msiba, mama," akasema.

"Nimeshapoa, baba," Laurentia akajibu, akarudi jikoni kuosha masufuria.